Urudufu wa Muhuri na Mburuzo wa Mashine: Tahakiki ya Istilahi za Sarafu Zinazotumika Tukuyu

Istilahi isiyotumika haimdhuru mtu. Inayodhuru ni ile inayokubalika upesi kabla ya kupimwa, kisha ikaingia katika hati za mauziano, katika madaftari ya walimu na katika kumbukumbu za mabaraza. Makala haya yanahakiki istilahi ya namna hiyo. Neno lenyewe ni "sarafu pacha", na mahali tulipolikuta likitumika ni Tukuyu na vijiji vya Wilaya ya Rungwe.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la istilahi lijishughulishe na kasoro za sarafu. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, Rungwe ni sehemu ambayo sarafu za kale zingalipo mikononi mwa watu. Tukuyu ilikuwa kituo cha utawala wa Wajerumani, kwa jina la Neu Langenburg, mpaka Waingereza walipoitwaa mwezi Mei 1916. Fedha ya nchi ilikuwa rupia, na kuanzia mwaka 1904 rupia moja iligawanywa katika heller 100 badala ya pesa 64 za awali. Heller hiyo ndiyo iliyotuachia neno "hela", ambalo limedumu kuliko sarafu yenyewe. Huko Masoko, kwenye ziwa lililomo katika shimo la volkano, masimulizi ya wenyeji husema kwamba Wajerumani walitupa mali zao majini kabla ya kuondoka, na sarafu za zamani huonyeshwa wageni hadi leo.

Pili, habari zimeenea kwamba sarafu yenye maandishi mawili mawili hununuliwa ng'ambo kwa bei kubwa. Habari hizo ni za kweli kwa sarafu chache sana. Lakini zilipofika kwetu zilifika bila istilahi, na palipokosekana istilahi palizaliwa neno la haraka. Leo mtu hupekua akiba yake ya shilingi 50 na 100, akaona mstari wa pili pembeni ya herufi, akatangaza kwamba amepata pacha.

Karatasi inayohakikiwa

Tunayo karatasi ya tafsiri yenye kurasa nne, isiyo na jina la mfasiri, ambayo hutolewa nakala mjini Tukuyu na kusomwa na wafanyabiashara, walimu na hata vijana wa shule. Inaeleza namna ya kutambua sarafu zenye kasoro za thamani, na ni dhahiri kwamba imefasiriwa kutoka Kiingereza.

Haki yake tuitoe kwanza. Mfasiri ameandika Kiswahili chepesi. Pande mbili za sarafu ameziita "uso" na "mgongo", sehemu tambarare isiyo na picha wala maandishi ameiita "uwanja", na ubavu wa mviringo ameuita "ukingo". Maneno hayo yote yanafaa, nasi tunayaunga mkono. Hakuna hata moja lililomlazimu msomaji kujua Kiingereza ili aelewe Kiswahili.

Kosa lake limo katika neno kuu. Kila anapokuta katika matini ya asili jambo linalohusu mistari miwili, mfasiri huandika "sarafu pacha". Tumehesabu katika kurasa hizo nne mambo matatu yaliyo tofauti kabisa, yenye sababu tofauti na thamani tofauti, yote yakiwa chini ya jina hilo moja. Matokeo yake, onyo lililokuwamo katika matini ya asili, kwamba msomaji asichanganye jambo la kwanza na la pili, limegeuka kuwa sentensi isiyo na maana: msomaji anaonywa asichanganye pacha na pacha.

Mambo matatu chini ya jina moja

Ili tuhukumu neno, hatuna budi kwanza kukijua kitu. Sarafu huchapwa kwa mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu na mmoja chini. Kisahani cha madini huwekwa katikati, mihuri hukibana kwa nguvu kubwa, na madini hulazimika kujaza mashimo yaliyochongwa katika mihuri. Shimo katika muhuri huwa mwinuko katika sarafu. Muhuri mmoja huchapa sarafu maelfu kwa maelfu kabla ya kuchakaa.

Muhuri nao una mzazi wake. Katika viwanda vya kisasa muhuri hauchongwi mmoja mmoja kwa mkono. Hutengenezwa kwa kukandamiza chuma kilicholainishwa kwa kifaa chenye taswira iliyoinuka kama ilivyo katika sarafu. Zamani mkandamizo mmoja haukutosha. Chuma kilikuwa kigumu baada ya mkandamizo wa kwanza, kikapashwa moto ili kilainike, kisha kikakandamizwa tena. Ikiwa mara ya pili hakikukaa sawasawa na mara ya kwanza, taswira mbili zilichongeka katika muhuri mmoja, moja pembeni ya nyingine. Hilo ndilo jambo la kwanza. Kasoro imo ndani ya muhuri, na kila sarafu iliyochapwa kwa muhuri huo inayo, mahali palepale na kwa kipimo kilekile.

Jambo la pili hutokea baadaye, mashine inapochapa. Muhuri ni mzima, lakini haukukazwa vizuri katika mashine. Baada ya kuchapa, wakati unapoachana na sarafu, hutikisika na kusogea kidogo pembeni, ukakwangua ubavu wa herufi na kuulaza chini. Pembeni ya herufi hubaki kijistari tambarare kinachofanana na kivuli. Hiyo ni ajali ya mashine. Hutokea katika sarafu za nchi nyingi na haiongezi thamani yoyote.

Jambo la tatu ni sarafu iliyochapwa, ikakwama mahali pake, kisha ikachapwa tena. Hapa muhuri hauna kasoro na haukuburuzika, ila umefanya kazi mara mbili juu ya kisahani kimoja.

Wasomaji wetu walio watumishi wa ofisi wanao mfano mezani kwao. Tuchukue muhuri wa mpira. Ikiwa mchongaji alichonga jina la ofisi mara mbili, la pili likiwa pembeni kidogo ya la kwanza, kila barua itakayopigwa muhuri huo itakuwa na herufi mbili mbili, karani awe huyu au mwingine. Ikiwa muhuri ni mzima lakini mkono wa karani umeteleza wakati wa kuuinua, barua ile itachafuka na inayofuata huenda ikawa safi. Na karani akiona wino haukukolea akagonga tena, hiyo ni hali ya tatu. Hakuna mkuu wa ofisi atakayeziita hali hizo tatu kwa jina moja, maana dawa ya ya kwanza ni kumrudia mchongaji, na dawa ya ya pili ni kumwonya karani.

Mfano huu una mpaka wake, na mpaka huo ndio ufunguo wa suala zima. Wino huongeza alama juu ya karatasi. Muhuri wa chuma hauongezi madini. Unapoburuzika unayasukuma yaliyokwisha kuinuka, na kwa hiyo herufi iliyoburuzwa huwa nyembamba kuliko ilivyokuwa. Katika jambo la kwanza herufi huwa nene kuliko kawaida, kwa kuwa muhuri una mashimo mawili yaliyoungana. Moja huongeza na jingine hupunguza. Neno moja haliwezi kuyabeba yote mawili bila kudanganya upande mmoja.

Namna ya kutofautisha

Karatasi ya Tukuyu inatoa dalili, lakini imezichanganya kwa sababu ya neno lake. Tunazipanga upya hapa kwa ufupi, kwa kuwa istilahi itakayopendekezwa lazima ilingane nazo. Kinachohitajika ni kioo cha kukuzia cha mara 5 hadi 10 na mwanga unaotoka ubavuni.

Dalili ya kwanza ni umbo. Kasoro ikiwa ya muhuri, taswira ya pili ina mwinuko na mviringo wake kama ya kwanza, na kwenye ncha za herufi, hasa kwenye vikono vyake, huonekana mpasuko mdogo unaozigawa taswira mbili. Kasoro ikiwa ya mashine, cha pili ni kidaraja tambarare kilicholala karibu na uwanja, mara nyingi chenye mng'aro wa madini yaliyokwanguliwa.

Dalili ya pili ni unene. Herufi iliyonenepa huelekeza kwenye muhuri. Herufi iliyokonda, yenye kidaraja pembeni, huelekeza kwenye mashine.

Dalili ya tatu, iliyo na nguvu kuliko zote, ni ndugu wa sarafu. Kasoro ya muhuri hurudiwa bila kubadilika katika sarafu nyingine zilizozaliwa na muhuri uleule. Mburuzo hubadilika, leo mpana, kesho mwembamba, mara haupo. Anayedai kwamba sarafu yake ina kasoro ya muhuri aulizwe ndugu yake yuko wapi. Asiye na ndugu wa kuonyesha hajashindwa, lakini hajathibitisha.

Mfano ulio maarufu kuliko yote duniani ni senti moja ya Marekani ya mwaka 1955. Muhuri wake ulikandamizwa mara mbili kwa pembe tofauti, hata tarehe na maandishi vikaonekana viwili kwa macho matupu. Zaidi ya sarafu 20,000 za muhuri huo ziliingia katika mzunguko, na zote zinafanana. Mfano wa pili ni senti ya mwaka 1969 iliyochapwa San Francisco, yenye herufi S chini ya tarehe. Enzi hizo herufi ya karakana iligongwa kwa mkono katika muhuri uliokwisha kutengenezwa. Kwa hiyo sarafu yenye kasoro halisi ya muhuri ina maandishi mawili mawili, lakini S yake ni moja. Penye S iliyofuata mkondo uleule wa mistari ya pili, hapo mashine ndiyo iliyoburuza.

Karatasi ya Tukuyu imeichukua kanuni hii ya herufi ya karakana na kuitangaza kuwa ya sarafu zote. Hilo ni kosa la pili la tafsiri. Kanuni hiyo ni ya Marekani ya miaka ile. Haihamishiki kwenye sarafu ambayo herufi yake ilichongwa pamoja na taswira nyingine, wala kwenye sarafu isiyo na herufi ya karakana kabisa. Mfasiri wa matini ya ufundi hana budi kujiuliza kila mara kama kanuni anayoifasiri inavuka mpaka pamoja na maneno yake.

Rungwe wanazo sarafu zinazofundisha somo hili kwa njia iliyo karibu zaidi. Heller za Wajerumani zina herufi ndogo zinazoonyesha mahali zilipochapwa: A ni Berlin, J ni Hamburg, na T ni Tabora. Zile za T zilichapwa mwaka 1916 katika karakana ya reli, wakati vita vilipokuwa vimeikata koloni na bahari. Sarafu ya heller 20 ya Tabora, iliyochapwa kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya manjano, hutofautishwa na wajuzi kwa ukubwa wa taji na kwa ncha za herufi L katika neno HELLER. Zipo zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Zipo ambazo ncha za L zimejikunja na ambazo zimechongoka. Tofauti hizo si urudufu. Lakini zinatokana na kanuni ileile: kilichochongwa katika muhuri hurithiwa na watoto wake wote. Mzee wa Masoko mwenye heller mbili za T mkononi anaweza kuionyesha kanuni nzima bila kitabu.

Hapa tuongeze neno la tahadhari kwa walimu. Tumeona heller zilizosuguliwa kwa mchanga na majivu ili mistari ionekane vizuri. Kusugua hufuta dalili zilezile zinazotafutwa, na hupunguza thamani ya sarafu daima.

Neno lilipofika barazani

Kwamba jambo hili si la vitabuni tu, tulilithibitisha katika kata mojawapo ya wilaya hiyo. Mwalimu alinunua sarafu ya shilingi 100 kwa shilingi 40,000 kutoka kwa mfanyabiashara, na katika hati ya mauziano iliandikwa kwamba kinachouzwa ni "sarafu pacha". Baadaye mwalimu aliionyesha kwa mjuzi mjini, akaambiwa kwamba mistari ile ni kazi ya mashine na kwamba thamani ya sarafu ile ni shilingi 100. Alipeleka lalamiko barazani akidai kwamba ametapeliwa.

Muuzaji alileta karatasi ya kurasa nne. Alionyesha kwamba jambo alilouza limetajwa humo kwa jina la pacha, kama alivyoandika katika hati. Mnunuzi naye alionyesha ukurasa mwingine wa karatasi hiyohiyo, ambamo pacha ni sarafu ya thamani kubwa. Wote wawili walisoma sawasawa. Katibu aliyetakiwa kuandika kiini cha shauri hakuwa na maneno ya kutenganisha alichoahidi mmoja na alichopewa mwingine. Shauri lilimalizwa kwa suluhu, muuzaji akarudisha nusu ya fedha. Tulipoisoma kumbukumbu ile hatukuweza kujua ni nani aliyekuwa na haki. Neno liliifunika.

Hatusemi kwamba istilahi nzuri ingemzuia mtu mwenye nia ya kudanganya. Tunasema kwamba ingemnyima mahali pa kujificha, na ingemwokoa pia muuzaji mwema ambaye ameuza kwa kutojua.

Maneno yaliyopendekezwa na kasoro zake

Katika mazungumzo yetu na mafundi, walimu na wachuuzi wa Tukuyu tulikusanya maneno kadhaa. Tunayapima moja moja.

"Pacha" lina mvuto, lakini pacha ni viumbe viwili vyenye uhai mbalimbali. Sarafu ni moja, muhuri ni mmoja. Kilichozidi ni taswira. Tena ndugu wa sarafu tuliowataja hapo juu ndio wangestahili kuitwa pacha, kwa kuwa wamezaliwa na mzazi mmoja. Kwa hiyo neno limewekwa mahali pasipo pake.

"Maradufu" limependekezwa na walimu. Tatizo ni kwamba maradufu huelekeza kwenye tabaka au kipimo: nguo ya maradufu, bei maradufu. "Muhuri maradufu" utaeleweka kuwa ni muhuri wenye unene wa mihuri miwili.

"Kalibu" limependekezwa badala ya muhuri. Tunalikataa kwa uzito. Kalibu hupokea kitu laini au kilichoyeyuka: udongo wa matofali, shaba ya moto. Sarafu halali huchapwa katika madini yasiyoyeyushwa. Zinazomiminwa katika kalibu ni nyingi katika zile za kughushi. Tukiita chombo cha serikali kalibu, tutakuwa tumempa mghushi jina la heshima, na siku tutakapohitaji kusema katika mahakama kwamba sarafu fulani imemiminwa katika kalibu, neno litakuwa limekwisha kutumika.

"Dai" limependekezwa na mafundi, ambao tayari hulitumia kwa kifaa cha kukatia nyuzi za skrubu. Utohozi hatuupingi; hela yenyewe ni neno la kutoholewa, na lilikuja pamoja na kitu chake. Lakini dai la mafundi ni kifaa kingine, na Kiswahili kina dai lake la kale, lile la madai. Tumfikirie katibu wa baraza anayelazimika kuandika "dai la mnunuzi kuhusu dai la sarafu".

"Chapa" ni neno jema mno kiasi cha kuchoka. Ni alama, ni kazi ya kuipiga, ni nembo ya biashara, ni maandishi ya mashine. Tuliachie kitenzi chake, kuchapa, na jina la kitendo, mchapo, kisha tutafute jina jingine la chombo.

Jina hilo tunalo. Ni "muhuri". Neno hili tulilipokea kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni chombo cha kutilia alama, na kutoka shina hilohilo India ilipata jina la sarafu yake ya dhahabu. Waarabu nao walikuwa na neno moja, sikka, lililotaja kwanza chuma cha kuchapia sarafu, kisha likaitaja sarafu yenyewe. Chombo na fedha vimekaa pamoja katika lugha za jirani zetu kwa karne nyingi. Tukisema "muhuri wa sarafu" hatubuni jambo geni. Na neno lina faida nyingine: linabeba dhana ya mamlaka. Sarafu ni ahadi ya serikali iliyopigwa muhuri.

Sasa tuje kwenye mambo mawili makuu. Kiingereza huyaita yote mawili kwa neno la kurudufu, kisha hutofautisha kwa kivumishi. Karatasi ya Tukuyu ilifuata neno ikapoteza kivumishi. Wapo wenzetu watakaotaka tufuate vyote viwili, tuseme urudufu wa muhuri na urudufu wa mashine, ili tafsiri ilingane na asili yake. Hatukubaliani nao. Mashine inapoburuza hairudufu kitu. Hakuna taswira ya pili. Pana taswira moja iliyokwanguliwa. Kiingereza kina historia yake iliyolifikisha neno hilo hapo, na historia hiyo hatulazimiki kuirithi pamoja na kasoro zake. Kinachofasiriwa ni dhana.

Kwa hiyo neno "urudufu" tunaliweka kwa lile la kwanza peke yake. Watumishi wanalifahamu kutokana na kurudufu nyaraka: kinachorudufiwa huwa kipo mara mbili kwa kweli. Kwa la pili tunapendekeza "mburuzo", kutoka kitenzi buruza. Atakayelisikia kwa mara ya kwanza, hata kama hajawahi kuona mashine ya sarafu, ataelewa kwamba kitu kimekokotwa na kimeharibu njia yake. Zaidi ya hayo, maneno haya mawili hayafanani kwa sauti wala kwa umbo, na hivyo hayatachanganywa na karani mwenye haraka wala na mnunuzi mwenye tamaa.

Pingamizi moja linastahili jibu. Imesemwa kwamba "mburuzo" ni neno la dharau, na kwamba litawakatisha tamaa wenye sarafu hizo kabla hawajazichunguza. Tunajibu kwamba istilahi haiko kumpa mtu matumaini wala kumnyang'anya. Ikiwa sarafu ina urudufu, neno mburuzo halitaifuta. Ikiwa ina mburuzo, neno pacha halitaitajirisha.

Mapendekezo

Tunayaleta mapendekezo yafuatayo mbele ya wasomaji, yajadiliwe kabla ya kufikiriwa kusanifishwa:

Muhuri wa sarafu: chuma kigumu kilichochongwa taswira ya kuzama, kinachotumika kuchapa upande mmoja wa sarafu.

Muhuri mzazi: chombo chenye taswira iliyoinuka, kinachotumika kutengenezea mihuri ya sarafu.

Urudufu wa muhuri: kuwamo kwa taswira mbili, nzima au sehemu, katika muhuri mmoja, kunakotokana na utengenezaji wa muhuri huo. Hurithiwa na sarafu zote za muhuri huo.

Mburuzo wa mashine: kukwanguliwa kwa mwinuko wa sarafu na muhuri uliosogea baada ya kuchapa. Si urudufu.

Mchapo wa marudio: kuchapwa kwa sarafu moja zaidi ya mara moja.

Uchakavu wa muhuri: kulika kwa muhuri kutokana na kazi, kunakofanya herufi za sarafu zitanuke na kupoteza makali. Huu nao hudhaniwa kuwa urudufu, ingawa hauna taswira ya pili.

Ndugu wa muhuri: sarafu mbili au zaidi zilizochapwa kwa muhuri uleule.

Katika hati za mauziano na kumbukumbu za mabaraza, tunashauri neno "pacha" lisitumike kabisa kwa sarafu. Muuzaji aandike anachouza ni urudufu wa muhuri au mburuzo wa mashine. Asiyejua aandike kwamba sarafu ina mistari miwili isiyochunguzwa. Sentensi hiyo ni ndefu, lakini ni ya kweli, na bei itakayoifuata itakuwa ya kweli pia.

Wafasiri wenye matini za aina hii, na walimu wa Rungwe na kwingineko wenye maneno bora kuliko haya, wanaombwa watuletee. Tungefurahi hasa kupata maneno ya mafundi mihuri wa mpira na ya wafyatuaji matofali, kwa kuwa hao huona kila siku tofauti ya kosa la mchongaji na kosa la mkono, na kwa hakika wana majina yake.